Ndumilakuwili wa Boonesborough: kesi ya Daniel Boone, 1778

Majani yalipoanza kupukutika mwaka 1778, maofisa wa wanamgambo wa Kentucky walikutana katika boma la Kapteni Benjamin Logan kumhukumu mwenzao. Mshtakiwa alikuwa Kapteni Daniel Boone, mwindaji wa miaka arobaini na kitu, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa ukutani akiilinda ngome ya Boonesborough isianguke. Walioleta mashtaka walikuwa wawili: Kanali Richard Callaway, aliyeulinda ukuta huohuo pamoja naye, na Logan mwenye boma. Mashtaka yalikuwa manne, lakini ukiyakamua yanatoa neno moja. Walimwona Boone ndumilakuwili: huku anakula kiapo na waasi wa Marekani, huku anaahidiana na Waingereza, ambao waasi hao walikuwa wakipigana nao kutafuta uhuru.

Aliachiwa, tena akapandishwa cheo kuwa meja. Wasimulizi wengi wa maisha yake hupita hapa mbiombio na kusema shujaa alisingiziwa na wenye kijicho. Mimi siafikiani nao, na Callaway pia siafikiani naye. Kwa maoni yangu mahakama ile ilijibu swali jepesi, kama Boone ni msaliti, ikaliacha gumu likining'inia: nani alimpa ruhusa ya kuwatoa watu 26 rehani?

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Boone alizaliwa Pennsylvania mwaka 1734 katika familia ya madhehebu ya Quaker, na ujana wake akaumalizia bonde la Yadkin, North Carolina, akiishi kwa kuwinda. Mwaka 1755 aliendesha gari la farasi katika msafara wa Jenerali Braddock, ule uliosambaratishwa karibu na mto Monongahela na Wafaransa wakishirikiana na wenyeji. Miaka 20 baadaye kampuni ya Richard Henderson ilijipatia kwa Wacherokee, kabila la wenyeji, sehemu kubwa ya Kentucky, na Boone ndiye aliyeongoza kundi la kufyeka njia kupitia pengo la milima la Cumberland. Mwisho wa njia hiyo, kando ya mto Kentucky, ikajengwa ngome yenye jina lake.

Biashara ile ilikuwa na kasoro ambayo haikuhitaji wakili kuiona. Washawnee, kabila jingine la wenyeji waliokuwa wakivuka mto Ohio kila msimu kuja kuwinda huko, hawakuuza chochote. Aliyepokea bidhaa za Henderson alikuwa jirani yao. Vita vilivyofuata havikuanza na Boone, ila alikuwa mstari wa mbele na alilipia kwa damu. Mwanawe James aliuawa mwaka 1773. Julai 1776 binti yake Jemima alitekwa akiwa katika mtumbwi pamoja na mabinti wawili wa Callaway, na Boone akafuata nyayo za watekaji mpaka akawarudisha wasichana wote watatu wazima. Baadaye Jemima aliolewa na Flanders, mtoto wa ndugu yake Callaway. Yaani mshtaki na mshtakiwa walikuwa wakwe, na mmoja alikuwa na deni la fadhila kwa mwenzake. Anayedai Callaway alisukumwa na wivu tu aanze kwa kulieleza hilo.

Sasa tuje kwenye chumvi, maana kesi nzima ilianzia kwenye sufuria.

Majira ya baridi ya 1777 kuingia 1778 yalikuta ngome za Kentucky hazina chumvi. Bila chumvi nyama ya windo haikai, na bila nyama watu waliofungiwa bomani hawana cha kula, kwani mashamba yalikuwa yamechomwa. Serikali ya Virginia, ambayo Kentucky ilikuwa chini yake, ilipeleka masufuria makubwa, na Januari 1778 Boone akatoka na wanaume wapatao 30 hadi Blue Licks, kwenye chemchemi za maji ya chumvi kando ya mto Licking. Maji yale yalikuwa mepesi, chumvi yake haba. Ilibidi kuchemsha mamia ya galoni, mchana na usiku, wengine wakikata kuni, ili kupata debe chache. Kazi ya namna hiyo huwezi kuifanya kwa siri. Moshi unaonekana mbali na shoka linasikika mbali zaidi. Jukumu la Boone lilikuwa kuwinda, kutega biva, wanyama wa mtoni, kwa ajili ya manyoya yao na kupeleleza.

Tarehe 7 Februari alikuwa peke yake, theluji inaanguka, farasi kabeba nyama ya nyati. Akakutana na Washawnee. Alijaribu kuchomoa kisu akate kamba za mzigo apande farasi, lakini kisu kilikuwa kimegandia kwenye ala yake kwa damu na baridi. Akakimbia kwa miguu mpaka risasi zilipoanza kupiga theluji kando yake, ndipo akasimama na kuweka bunduki chini.

Kambini alipofikishwa akakuta wapiganaji zaidi ya mia, wakiongozwa na chifu Blackfish. Hawakuwa mawindoni. Novemba iliyopita, chifu wao mkuu Cornstalk, aliyekwenda kwa amani katika ngome ya Fort Randolph, alikamatwa huko na kuuawa na wanamgambo. Blackfish alikuwa njiani kwenda Boonesborough kulipiza. Mkalimani wa kikao alikuwa Pompey, mtu mweusi aliyeishi na Washawnee na kusema lugha zote mbili. Kupitia kinywa cha Pompey, Boone akatambua mambo matatu: wanajua wapika chumvi wako wapi, wanakwenda kuvamia ngome, na hawana habari jinsi ngome ilivyo dhaifu.

Udhaifu wenyewe aliujua yeye. Upande mmoja wa ukuta haukuwa umekamilika, na sehemu kubwa ya wanaume wenye bunduki walikuwa pale chemchemini wakichochea moto. Ndani walibaki wachache, pamoja na wanawake na watoto, akiwemo mkewe Rebecca.

Hapo akafunga biashara. Alimwambia Blackfish kwamba wanawake na watoto hawawezi kutembea katika baridi ile, wangekufa njiani. Bora wangoje majira ya joto, naye mwenyewe atawaongoza watu wote wa Boonesborough wahamie kwa Washawnee na kwa Waingereza. Kwa sasa awape wapika chumvi, bila vita, kwa sharti kwamba hawatateswa. Siku ya pili akatangulia mbele ya wapiganaji mpaka kambi ya chumvi, akawapigia kelele watu wake wasifyatue risasi kwa kuwa wamezingirwa. Wakaweka silaha chini. Hati ya mashtaka ilihesabu watu 26. Boone baadaye alisema 27.

Jambo lililofuata ni zito kuliko yote katika kisa hiki, na halimo hata katika shtaka moja. Wapiganaji walikaa kikao kuamua kama mateka wauawe. Pompey alimtafsiria Boone kwa sauti ya chini, hivyo wenzake waliokuwa wamekaa theluji hawakujua wanajadiliwa wao. Boone akaruhusiwa kusema mwishoni, na aliposimama kuomba ndipo nao walipofahamu kwamba wako mizani. Joseph Jackson, mmoja wa mateka, alikumbuka uzeeni mwake hesabu ya kura: 59 wauawe, 61 waachwe hai. Tofauti ya watu wawili. Mtu anayesema Boone alijua alichokuwa akikifanya na apige hesabu hiyo tena.

Wakapelekwa Chillicothe, mji wa Washawnee kwenye mto Little Miami. Wengi waliasiliwa na familia zilizopoteza vijana vitani. Blackfish akamchukua Boone kuwa mwanawe na kumpa jina Sheltowee, Kobe Mkubwa. Machi, Boone na mateka wengine kumi walisafirishwa hadi Detroit, kwa Henry Hamilton, gavana mdogo wa Uingereza. Wale wengine waliuzwa kwa Waingereza. Kwa Boone, Hamilton alitoa pauni 100, Blackfish akakataa. Na Boone hakukaa kimya mbele ya gavana: alimwonyesha hati yake ya ukapteni, aliyopewa na Lord Dunmore, gavana wa mwisho wa mfalme katika Virginia, akajifanya ana moyo wa mfalme. Akaondoka Detroit na zawadi ya farasi.

Akaishi Chillicothe miezi kadhaa akiwinda, akirekebisha bunduki za watu na kuficha baruti kidogokidogo. Juni, alipoona wapiganaji wanakusanyika kwa safari ya Boonesborough, akatoroka tarehe 16. Alitembea maili 160 kwa siku nne na kula mlo mmoja tu. Alipofika, Rebecca hayupo. Alikuwa amekwisha kurudi North Carolina na watoto, akiamini ni mjane. Jemima tu ndiye aliyebaki.

Mapokezi ya wengine yalikuwa baridi. Andrew Johnson, mmoja wa wapika chumvi, alikuwa ametoroka kabla yake, na alichokisimulia kilikuwa kimeenea: Boone alitutoa mwenyewe, na kule anakaa kama mtoto wa chifu. Tena ukoo wa Rebecca, akina Bryan, ulijulikana kuwa na wafuasi wa mfalme.

Ngome ikarekebishwa kwa haraka. Julai akaja mtoro mwingine, William Hancock, na habari kwamba uvamizi umeahirishwa. Mwisho wa Agosti Boone akafanya jambo ambalo mpaka leo silielewi vizuri: akachukua wanaume wapatao 30, akavuka Ohio kwenda kushambulia kijiji cha Paint Creek. Callaway alipinga. Njiani sehemu ya watu wakaghairi wakarudi. Waliobaki walipambana na kundi dogo, kisha wakagundua kwamba jeshi la Blackfish limekwisha kupita likielekea kusini. Wakalizunguka usiku kucha na kuingia ngomeni siku moja tu kabla yake.

Tarehe 7 Septemba Blackfish akatokea. Boone alihesabu wenyeji 444 pamoja na Wafaransa kadhaa wa Detroit waliokuwa na bendera ya Uingereza. Ndani ya ngome wenye uwezo wa kupiga bunduki walikuwa kama 60, na wanawake wakavaa kofia na makoti ya wanaume na kupitapita ukutani. Blackfish akamwita mwanawe kwa jina Sheltowee, akamkumbusha ahadi yake. Siku mbili zikapita kwa maneno. Kisha wakakaa mkutano wa amani nje, chini ya miti, yadi kama 60 kutoka langoni, Callaway akiwa mmoja wa wajumbe. Walipopeana mikono ya kufunga mapatano, kila Mzungu mmoja akashikwa na Washawnee wawili. Ikawa vurugu, risasi zikafyatuka kutoka ukutani, wajumbe wakakimbilia ndani.

Kuzingirwa kukaendelea zaidi ya wiki. Mienge ilirushwa juu ya mapaa, handaki likachimbwa kutoka ukingo wa mto, mvua ikalibomoa. Ndani walikufa wawili. Mmoja alikuwa London, mtumwa, aliyepigwa risasi akilinda ngome ambayo isingempa hata pembe ya shamba. Nje ya ukuta alikufa Pompey. Watu weusi wawili, kila mmoja upande wake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amealikwa katika ugomvi huu wa ardhi. Nayasema haya kwa sababu masimulizi ya shujaa wa mpakani huwa hayana nafasi kwao, na kwa sababu Boone mwenyewe baadaye alimiliki watumwa.

Blackfish akaondoka. Callaway akafungua mashtaka.

Tunachokijua kuhusu kesi kinatoka kwa Daniel Trabue, kijana aliyekuwa katika boma la Logan wakati huo na kuandika kumbukumbu zake mwaka 1827. Shtaka la kwanza: Boone alikuwa maili kumi mbali akitega biva alipokamatwa, kisha kwa hiari yake akawasalimisha watu waliokuwa salama chemchemini. La pili: akiwa mateka alikubaliana na Hamilton kuwatoa watu wa Boonesborough. La tatu: aliporudi aliidhoofisha ngome kwa safari ya Paint Creek wakati adui anatazamiwa kila siku. La nne: alikuwa tayari kuwapeleka maofisa wa ngome kwenye kambi ya adui, mbali na ulinzi wa bunduki, kwa kisingizio cha amani.

Utetezi wa Boone ulikuwa mfupi na haukukana matendo. Ndiyo, aliwatoa wapika chumvi, kwa kuwa bila hivyo adui angekwenda moja kwa moja kwenye ngome yenye ukuta nusu. Ndiyo, alimwahidi Hamilton, lakini alimdanganya. Yote yalikuwa hila ya vita.

Nianze na la nne kwa sababu ndilo hafifu. Mkutano wenyewe ulifanyika mbele ya midomo ya bunduki za ngome, na Callaway alikuwepo. Siku mbili za mazungumzo zilivuta muda wakati watu walikuwa wakingoja msaada kutoka Virginia. Hapa mshtaki alishtaki kilichokuwa moyoni mwa mwenzake, na kilichotendeka alikitenda pamoja naye.

La tatu ndilo Callaway angelishika peke yake angeshinda. Halina hila ya kumdanganya adui wala shinikizo la kisu shingoni. Ni kamanda aliyejua jeshi linakuja, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta habari, kisha akatoa nusu ya bunduki nje kwa siku kadhaa. Wangechelewa siku moja, Blackfish angekuta ukuta una walinzi 40. Utetezi wa kwamba alikwenda kutafuta habari hautoshi. Mpelelezi hahitaji watu 30. Nadhani Boone, aliyeitwa msaliti tangu Juni, alitaka kuwaonyesha watu kwa macho yao kwamba anaweza kuwapiga Washawnee. Kosa hilo halimfanyi kuwa msaliti, lakini ni kosa la ofisa, na adhabu yake ingekuwa kuvuliwa cheo. Alipandishwa.

La pili lina ushahidi ambao mahakama haikuuona. Tarehe 25 Aprili 1778 Hamilton alimwandikia mkubwa wake Carleton, akieleza, kwa mujibu wa Boone, kwamba watu wa mpakani hawana chakula wala nguo, hawana matumaini ya msaada wa Kongresi, baraza la waasi, na huenda wakaja Detroit wenyewe kabla ya baridi. Barua hiyo ingesomwa bomani siku ile, sijui kama Boone angetoka salama. Maana inathibitisha kwamba alisema. Haithibitishi kwamba alikusudia. Na ukiitazama vizuri, maneno hayo yalimfaa: gavana anayeamini watu watakuja kwa miguu yao hana haraka ya kutuma mizinga, na kweli Blackfish alifika Septemba bila mzinga hata mmoja.

La kwanza sasa. Mahakama ililipima kwa matokeo: ngome imesimama, basi hila ilikuwa njema. Hapo ndipo ninapotofautiana nayo. Hila ya vita ni kumpa adui uongo. Boone alimpa Blackfish uongo, na ili uongo uaminike akamwongezea watu halisi 26. Uongo ulikuwa wake, watu hawakuwa wake. Kwa kipimo cha dharura naweza kumtetea: alilazimika kuchagua kati ya ngome na kambi, hakuwa na nafasi ya kuwauliza walioko kambini, na wangepigana karibu wote wangekufa. Yawezekana ningefanya hivyohivyo, kama ningekuwa na ulimi wake. Lakini ilipasa mtu aulizwe kuhusu gharama, na waliolipa hawakuwepo. Wengi wao bado walikuwa mateka ng'ambo ya Ohio au mikononi mwa Waingereza siku mwenzao alipoachiwa. Micajah Callaway, wa ukoo wa mshtaki, alikaa utekwani miaka. Jackson, yule wa kura 59 na 61, aliishi na Washawnee muda mrefu hata akawa kama mmoja wao.

Na waamuzi walikuwa akina nani? Maofisa wa nchi ndogo ambayo kila familia ilikuwa na ndugu ndani ya Boonesborough. Kuwaambia waseme Boone alikosea Februari ni kuwaambia waseme afadhali ngome ingeanguka. Hakuna binadamu ambaye angetoa hukumu hiyo, akiwa na bunduki chache na adui anayeweza kurudi wiki ijayo. Cheo cha umeja kilikuwa na maana ya wazi: tunakuhitaji.

Logan na Callaway hawakuridhika. Blackfish alipata jeraha Wamarekani walipouvamia mji wake mwaka 1779, likamuua. Machi 1780 Callaway aliuawa na Washawnee karibu na Boonesborough. Agosti 1782 Boone alirudi Blue Licks, kwenye chemchemi zilezile, katika pigano lililowaendea vibaya, na mwanawe Israel akafia hapo.

Turudi 1778: baada ya hukumu Boone alikwenda North Carolina kumfuata Rebecca. Mwaka 1784 John Filson alichapa kitabu kuhusu Kentucky, na ndani yake mna maisha ya Boone kama yamesemwa na Boone mwenyewe. Kuzingirwa kumeelezwa siku kwa siku, hadi uzito wa risasi zilizookotwa chini ya ukuta, ratili 125. Kisha inakuja sentensi kwamba muda mfupi baadaye alikwenda kwenye makazi, na kwa kitambo halikutokea katika mambo yake lolote lenye kustahili kuandikwa.